Zaidi ya maiti kwenye theluji: vitabu vya Kiswidi vya kusoma sasa

Mezani jikoni kuna daftari. Mhudumu akishachochea kuni na kumpashia mzee chakula, huketi kidogo akaandika: amefika saa ngapi, mzee amekula nini, amekataa nini, ameoga au amegoma. Anaweka jina lake chini, anavaa koti, anakwenda nyumba inayofuata.

Mzee huyo ni Bo. Anaishi Jämtland, kaskazini mwa Uswidi, na mbwa wake Sixten. Mkewe Fredrika yuko kwenye nyumba ya kutunzia wenye maradhi ya kusahau, na hamtambui tena. Skafu yake Bo ameifungia kwenye chupa ili harufu isipotee. Mwanawe Hans anataka mbwa aondolewe, kwa kuwa baba hana tena miguu ya kumtembeza. Mzozo wa riwaya ndio huo, nao unazitosha kurasa zote.

Kitabu ni *Tranorna flyger söderut* cha Lisa Ridzén, kilichotoka 2024. Kwa Kiingereza kinaitwa *When the Cranes Fly South*.

Kwa wiki kadhaa sasa yale maandishi ya daftari hayanitoki. Bo anasimulia kwa hasira, kwa mapenzi, kwa aibu ya mwili uliochoka. Katikati ya masimulizi yake linaingia daftari: mistari michache, saa, jina. Ridzén hafafanui lolote. Anaziweka sauti hizo mbili ubavu kwa ubavu, kisha anamwachia msomaji.

Ukishalizoea daftari hilo, unaanza kuliona katika vitabu vingine vya Kiswidi vya miaka hii, hata vile ambavyo havifanani na hiki kwa lolote.

## Tuanze na maiti, tumalizane nayo

Ukiomba orodha ya vitabu vya Kiswidi, utapewa hadithi za upelelezi. Sina ugomvi nazo. Maj Sjöwall na Per Wahlöö waliandika riwaya kumi kati ya 1965 na 1975, wakaifanya kesi ya polisi kuwa njia ya kuikagua serikali, na waliokuja baadaye, Henning Mankell na Stieg Larsson wakiwamo, walipita barabara hiyo. Shida ni kwamba tangu Larsson avume, kuanzia 2005, mtindo umejirudia hadi umechuja. Msichana ametoweka, mji ni mdogo, mpelelezi hanywi maji.

Ukitaka kimoja tu cha aina hiyo, chukua *Brinn mig en sol* cha Christoffer Carlsson (2021), kwa Kiingereza *Blaze Me a Sun*. Carlsson ana shahada ya uzamivu katika kriminolojia, na anajua jinsi kesi inavyozeeka. Usiku wa tarehe 28 Februari 1986, Waziri Mkuu Olof Palme anauawa kwa risasi Stockholm. Usiku huohuo, huko Halland, kusini magharibi mwa nchi, mwanamke anashambuliwa, na mwanamume anapiga simu polisi kusema atarudia tena. Nchi nzima imegeuza shingo kuelekea Stockholm. Askari wa kijijini anabaki na faili ambalo hakuna mwenye muda nalo, na faili hilo linamla yeye, kisha linamfuata mwanawe.

Mwendo wake ni wa taratibu. Anayetaka mshtuko kila mwisho wa sura atakitupa kabla ya nusu, na atakuwa amekosea mlango. Hapa mauaji ni sehemu ndogo, jambo kubwa ni miaka inayofuata.

## Nchi inayoandika kila kitu

Sheria ya kanisa ya 1686 iliwataka wachungaji wa Uswidi watunze vitabu vya waumini wao, na kwa vizazi vingi walipita wakikagua kila kaya na kuandika nani anajua kusoma na nani ameielewa katekisimu. Mwaka 1749 zikaanza kukusanywa takwimu za watu wote nchini. Mwaka 1947 wakazi wakaanza kupewa namba za utambulisho. Daftari la wakazi lilibaki mikononi mwa kanisa hadi 1991, ndipo likahamia mamlaka ya kodi.

Upande wa pili, tangu 1766 ipo sheria inayompa mtu haki ya kwenda ofisini akaomba kuona karatasi za serikali. Zipo zinazofungwa, kumbukumbu za mgonjwa zinaweza kuwa siri kwa miaka 70. Ila kawaida ni kufungua, na anayekataa ndiye anayetakiwa kutoa sababu.

Weka hayo mawili pamoja: serikali inayoandika kila kitu, na raia anayeruhusiwa kusoma kilichoandikwa.

Wazo langu la kwanza lilikuwa jepesi. Nilidhani vitabu bora vya Kiswidi vya leo ni majibu kwa faili. Ofisi iliandika juu ya mtu. Sasa mtu, au mjukuu wake, ameshika kalamu.

Kwa vitabu vingi wazo hilo linasimama bila kuegemezwa.

## Mnyama auawe, jalada liandikwe "wizi"

*Stöld* ya Ann-Helén Laestadius (2021), kwa Kiingereza *Stolen*, inaanza na Elsa, binti wa Kisami mwenye miaka tisa. Wasami ni wenyeji wa kaskazini mwa Skandinavia, na familia ya Elsa hufuga rendia, kulungu wa kufugwa wa huko. Elsa anamkuta mwanamume juu ya mzoga wa ndama wake. Anamjua. Mwanamume anamwonyesha kwa ishara kitakachompata akisema, naye ananyamaza.

Polisi wanaandika wizi. Hiyo ndiyo sehemu ya sheria wanayoitumia, kwa sababu mbele ya sheria rendia ni mali. Akiuawa, mali imepotea. Majalada yanafunguliwa na kufungwa, mwaka hadi mwaka, na hasira ya riwaya inatoka kwenye rundo hilo zaidi ya inavyotoka kwenye damu. Laestadius alikuwa mwandishi wa habari na sentensi zake ni fupi, hazipambi. Netflix walitoa filamu yake 2024. Anza na kitabu, kwa sababu ukimya wa Elsa wa miaka kumi unahitaji kurasa.

Nyuma ya riwaya hiyo kuna historia, na aliyeieleza vizuri ni Elin Anna Labba katika *Herrarna satte oss hit* (2020), iliyopata tuzo ya August, tuzo kubwa ya vitabu ya Uswidi, kwa vitabu visivyo vya kubuni. Kwa Kiingereza ni *The Rocks Will Echo Our Sorrow*. Mkataba wa 1919 kati ya Uswidi na Norwei ulipunguza idadi ya rendia waliokuwa wakivuka kwenda malisho ya kiangazi pwani ya Norwei. Familia za kaskazini kabisa zikahamishwa kusini, kwenye ardhi iliyokuwa tayari na Wasami wengine. Wengi waliondoka wakidhani watarudi. Labba anatoka katika ukoo wa waliohamishwa, na kitabu chake ni picha, barua, masimulizi ya wazee na nyimbo za joiki, vimepangwa hivi kwamba karatasi za maofisa zinaonekana kwa ubaridi wake wote.

Cha tatu ni *Ædnan* cha Linnea Axelsson (2018), kilichopata tuzo ya August ya fasihi mwaka huohuo. Waswidi wengi walikishangaa: hadithi ya karne nzima, kurasa zaidi ya 700, yote kwa ushairi. Msomaji wa Kiswahili hana la kushangaa hapa. Huu ni utenzi, ingawa hauna vina wala mizani. Mistari yake ina maneno mawili, matatu, manne. Kurasa ni nyingi lakini nyeupe, na mtu anaweza kuumaliza kwa jioni mbili. Humo yumo Ristin na wanawe wawili, wamo wataalamu waliopima vichwa na miili ya Wasami (taasisi ya serikali ya "biolojia ya mbari" ilifunguliwa Uppsala 1922), yumo Lise aliyepelekwa shule ya bweni akarudi bila lugha, na yumo Sandra, bintiye, anayefuatilia kesi ya jamii ya Girjas dhidi ya serikali. Kitabu kilitoka kabla ya hukumu ya mwisho. Januari 2020 Mahakama ya Juu iliipa Girjas haki ya kutoa vibali vya kuwinda na kuvua katika eneo lake bila idhini ya serikali.

Visome kwa mpangilio huo: Laestadius, Labba, Axelsson. Anayeanza na *Ædnan* hukwama mapema, kwa kuwa Axelsson haelezi ni nani aliyeamua watu wahame wala kwa nini. Labba anaeleza.

## Rubani wa Uganda

Johannes Anyuru alizaliwa Borås 1979, mama Mswidi, baba Mganda. *En storm kom från paradiset* (2012), kwa Kiingereza *A Storm Blew in from Paradise*, ni riwaya iliyojengwa juu ya maisha ya baba huyo. P, kama anavyoitwa humo, anafunzwa urubani wa ndege za kivita Ugiriki. Januari 1971 Idi Amin anapindua serikali. P anakataa kurudi kumtumikia, anatoroka chuo, anapata kazi ya kunyunyizia mashamba dawa kwa ndege huko Zambia. Anakamatwa na kupelekwa Tanzania, na huko wanamhoji.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sehemu hii ina ladha ya peke yake. Tunaijua Tanzania ya miaka hiyo kama nyumba ya wakombozi na wakimbizi. Hapa tunaiona kutoka upande wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuhojiwa. Wanaomhoji hawakubali kwamba rubani wa kivita alirudi Afrika kwa ajili ya dawa za mashamba. Maelezo yake ni ya kweli, na ndiyo yanayomponza, kwa sababu hayaaminiki. Kila anaporudia, faili linanenepa na yeye anakonda.

Riwaya yake iliyofuata, *De kommer att drunkna i sina mödrars tårar* (2017), ilipata tuzo ya August, na ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa wapenzi wa hadithi za kisayansi, ingawa nusu yake ni simanzi tupu. Watu watatu wanavamia duka la vitabu vya katuni Göteborg. Mmoja wao, msichana, anashtuka katikati ya tukio akijua kwamba siku hii ameshaiishi. Baadaye, akiwa kwenye kliniki ya wagonjwa wa akili waliotenda uhalifu, anampa mwandishi mmoja maandishi yake: anasema anatoka Uswidi nyingine, ya miaka inayokuja, ambako raia hutakiwa kutia sahihi mkataba wa uraia, na asiyetia sahihi hupelekwa mtaa uliozungushiwa uzio. Karatasi tena. Ugumu wa kitabu ni kwamba nyakati mbili zinabadilishana bila kengele. Usipokumbuka nani anasimulia, rudi mwanzo wa sura kabla hujaendelea.

Jonas Hassen Khemiri yuko jirani. Katika *Allt jag inte minns* (2015), iliyopata August pia, kijana Samuel aliyekuwa akifanya kazi kwenye mamlaka ya uhamiaji amekufa, na mwandishi anakusanya maelezo ya waliomjua. Sauti zinakatana kila aya chache, na hakuna mbili zinazokubaliana. Kama jalada la uchunguzi ambalo hakimu hakuja.

(Njia hii hupitika pande zote mbili. Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel 2021, vitabu vyake viwili, *Paradiset* na *Den sista gåvan*, vilikuwa vimeshatoka kwa Kiswidi kitambo kwa mchapishaji mdogo wa Lund, Celanders. Wakubwa walikuja baadaye.)

## Hapa wazo likakwama

Nikarudi kwenye daftari la Bo, na halikukaa sawa.

Kama faili ni adui, wale wahudumu ni kina nani? Ukiyasoma maandishi yao kwa mara ya kwanza ni makavu kama risiti. Kadiri kitabu kinavyosogea, ukavu mmoja unaanza kutofautiana na mwingine. Mmoja anaandika tu saa na chakula. Mwingine anaongeza kwamba mbwa alilala miguuni pa mzee. Hawana muda, wala hakuna aliyewaomba kuwa na moyo, ila moyo unapenya humohumo kwenye fomu. Chanzo cha riwaya, kama Ridzén alivyoeleza, ni maandishi ya namna hiyo yaliyoachwa na wahudumu wa babu yake. Bila daftari kusingekuwa na kitabu.

Halafu kuna Elisabeth Åsbrink. *Och i Wienerwald står träden kvar* (2011) ni kitabu cha historia kilichojengwa juu ya barua zaidi ya 500. Wazazi wa Kiyahudi wa Vienna walimpeleka mwana wao Otto Ullmann, mwenye miaka 13, Uswidi mwaka 1939. Wakawa wanamwandikia: vaa soksi, soma, mshukuru mwenye nyumba. Barua zikakoma. Wazazi waliuawa. Otto akafanya kazi za shamba, akaishia kwa familia moja ya Småland, akawa rafiki wa kijana wa nyumba hiyo, Ingvar Kamprad, mwanzilishi wa kampuni ya samani ya IKEA. Katika kumbukumbu za polisi wa usalama Åsbrink alikuta jalada la Kamprad la 1943, likimtaja kuwa mwanachama namba 4014 wa chama cha Kinazi cha Uswidi.

Urafiki ulikuwa wa kweli. Uanachama nao ulikuwa wa kweli.

Hapo jalada la polisi ndilo lililosema kweli wakati watu walinyamaza, na barua za wazazi ndizo pekee zilizobaki na sauti yao. Karatasi ileile inayomfuta mtu ndiyo inayomhifadhi, na Åsbrink hajaribu kuamua ipi ina nguvu zaidi.

Karin Tidbeck alilifikisha jambo hilo mwisho kabisa katika *Amatka* (2012), riwaya fupi ya kubuni ulimwengu, ambayo mwandishi aliifasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Vanja anatumwa kwenye koloni la baridi kuandika ripoti kuhusu bidhaa za usafi. Katika ulimwengu huo kila kitu lazima kitajwe na kiandikwe jina: penseli imeandikwa "penseli", mlango "mlango". Maandishi yakifutika na mtu akisahau kuyarudia, kitu huyeyuka kikawa uji. Urasimu wa koloni ni wa kukandamiza, lakini si wa kipuuzi. Ukiacha kuandika, dunia inaanguka. Vanja anaanza kuacha kuandika.

Kitabu hiki wengi hukiacha kwenye kurasa 40 za mwanzo kwa sababu ni za ofisini mno: mabweni, kantini, uyoga, vikao. Hizo ndizo zinazofanya kuyeyuka kwa sanduku la kwanza kutishe. Usizirushe.

## Nyumba kwa nyumba

Osebol ni kijiji kando ya mto Klarälven, Värmland, chenye watu wapatao 40. Marit Kapla, aliyekulia huko, alipita akizungumza na karibu wote, kisha akachapisha maneno yao yenyewe kama *Osebol* (2019): kurasa takriban 800, mistari iliyokatwa kishairi, bila swali lake hata moja. Wachungaji wa zamani walipita hivyohivyo, isipokuwa Kapla hakagui katekisimu. Mtu anazungumzia daraja bovu, msitu, mke aliyekufa, nani alihama. Hakuna njama. Si cha kusoma mfululizo. Soma watu wawili kwa siku, wataanza kutajana.

*Vitsvit* ya Athena Farrokhzad (2013) ni dada yake mwenye kisu. Ni shairi moja la familia iliyokimbia nchi yake: mama alisema, baba alisema, kaka alisema, bibi alisema. Msimulizi mwenyewe karibu hasikiki. Herufi ni nyeupe juu ya vipande vyeusi, kama mistari iliyozibwa na mkaguzi halafu ikasomeka hivyohivyo.

Viwili hivi na *Ædnan* nunua vya karatasi. Kitabu cha kidijitali kwenye simu hupanga upya mistari kulingana na upana wa kioo, na mkato wa shairi unapotea. Kwa *Vitsvit*, vile vipande vyeusi ndivyo nusu ya maana.

## Visivyoingia kwenye jalada

Vipo vitabu viwili ambavyo nadharia yangu haina la kuvifanya, na ni kati ya ninavyovipenda zaidi.

*Ålevangeliet* cha Patrik Svensson (2019), August ya vitabu visivyo vya kubuni, kinahusu mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Sura moja ni ya sayansi, inayofuata ni ya Svensson na baba yake wakitega mikunga usiku mtoni Skåne. Mwaka 1876 Sigmund Freud, akiwa mwanafunzi, alipasua mikunga karibu 400 huko Trieste akitafuta korodani, akaondoka bila jibu la uhakika. Mdenmaki Johannes Schmidt alitumia miaka karibu 20 akivua vibuu vidogo na vidogo zaidi kwenye Atlantiki hadi akafikia Bahari ya Sargasso. Na bado hakuna aliyemwona mkunga akizaliana huko. Wanadamu wameandika maelfu ya kurasa. Samaki hakutia sahihi hata moja. Ukitafuta tafsiri ya Kiingereza, toleo la Uingereza linaitwa *The Gospel of the Eels* na la Marekani *The Book of Eels*. Ni kitabu kilekile, usinunue mara mbili.

*Detaljerna* cha Ia Genberg (2022) kina kurasa kama 150. Mwanamke amelala na homa, anafungua riwaya ya zamani, anakuta maandishi ya mpenzi wake wa zamani. Kutoka hapo anawakumbuka watu wanne, mmoja kwa kila sura: Johanna, Niki, Alejandro, Birgitte. Hakuna tarehe za kutegemea wala ushahidi, kumbukumbu tu, na sentensi ndefu zinazozunguka kabla ya kutua. Kilipata August, na tafsiri ya Kiingereza, *The Details*, iliingia orodha fupi ya International Booker 2024. Sura ya Birgitte ndiyo inayobadilisha zote tatu za nyuma. Anayeishia kwa Alejandro hajakisoma.

## Kiswidi cha Ufini

Kiswidi ni lugha rasmi Ufini pia, ikiwa lugha ya nyumbani ya takriban asilimia 5 ya watu, na fasihi yake huko ni kubwa kuliko idadi hiyo. Kjell Westö, *Hägring 38* (2013): Helsinki mwaka 1938, wakili mpole na katibu wake Matilda Wiik, ambaye ndani ya kundi la marafiki wa bosi wake anamtambua mtu aliyemtesa kwenye kambi ya wafungwa ya 1918, mwaka wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ufini. Ilipata tuzo ya fasihi ya Baraza la Nordiki 2014. Monika Fagerholm, *Vem dödade bambi?* (2019), iliyopata tuzo hiyohiyo 2020, ni ngumu zaidi: ubakaji wa kundi kwenye mtaa wa matajiri, na lugha inayojikatiza kama mtu asiyetaka kumaliza sentensi. Usianze Kiswidi na Fagerholm. Hata Waswidi humsoma kwa kalamu mkononi.

## Kwa anayesoma Kiswidi chenyewe

Wazungumzaji wa Kiswahili walioko Uswidi wakijifunza lugha mara nyingi hushauriwa waanze na vitabu vya watoto. Ushauri huo si mzuri sana. Vitabu vya watoto vimejaa maneno ya kubuni, mizaha na majina ya wadudu. Bora rafu ya maktaba iliyoandikwa *lättläst*, yaani vitabu vya watu wazima vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi, na kuazima ni bure kwa sheria katika kila manispaa.

Baada ya hapo, Laestadius: sentensi fupi, mazungumzo mengi. Kisha Ridzén, ambaye ana maneno ya Kijämtland hapa na pale, ila yale maandishi ya wahudumu ni Kiswidi cha kazini kabisa, chenye faida kwa yeyote anayefanya kazi ya kutunza wazee. Kitakachokukwaza zaidi ya msamiati ni vitenzi vinavyobadilika maana kwa kijineno kidogo kinachofuata. *Hålla med* ni kukubaliana, *hålla på* ni kuwa katikati ya jambo, *hålla ut* ni kuvumilia. Kamusi ukitafuta *hålla* peke yake itakupa "shika", na ukurasa mzima utaharibika. Andika kitenzi pamoja na kijineno chake kama neno moja.

Sikiliza kitabu cha sauti huku macho yakiwa kwenye karatasi, kwa sababu mkazo ndio unaoonyesha kijineno ni cha kitenzi au ni kihusishi tu. Khemiri aachwe mpaka baadaye. Anaichezea sarufi makusudi, na anayejifunza hatajua lipi ni kosa na lipi ni mchezo. *Samlade verk* ya Lydia Sandgren (2020) nayo isubiri. Ni riwaya nzuri sana ya Göteborg, ya mchapishaji ambaye mkewe alitoweka, lakini ni kurasa kama 700, na wengi huifungia kwenye 150, pale inapoanza kushika kasi.

Kuhusu bei: toleo la jalada gumu ni ghali, na la mfukoni hufuata kwa kawaida ndani ya mwaka. Mwishoni mwa Februari huwa kuna mauzo ya punguzo nchi nzima, *bokrea*. Washindi wa August hutangazwa Novemba, hivyo Desemba foleni za kuvihifadhi maktaba huwa ndefu. Weka jina lako wateule wanapotajwa Oktoba, kabla ya tuzo.

## Na kwa vijana

Laestadius aliandika pia *Tio över ett* (2016), August ya vitabu vya watoto na vijana. Kiruna ni mji unaohamishwa kwa sababu mgodi wa chuma unaichimba ardhi chini yake, na msichana Maja huamka kila usiku saa saba na dakika kumi, ili awe macho baruti inapolipuka.

Kilicho bora kwangu ni *Mördarens apa* cha Jakob Wegelius (2014), kwa Kiingereza *The Murderer's Ape*. Sally Jones ni sokwe aina ya gorila, fundi wa mashine za meli. Haongei, lakini anajua kupiga taipureta, na kitabu chote ndicho alichokiandika kwa taipureta aina ya Underwood ili kumsafisha rafiki yake Koskela aliyefungwa Lisbon kwa mauaji. Kurasa ni zaidi ya 500, safari inafika hadi Bombay, na picha zote amezichora Wegelius. Mwanzoni kuna picha za wahusika na majina yao. Weka kipande cha karatasi hapo, maana mtoto wa miaka kumi na moja atarudi kuzitazama kila sura mbili, hasa baada ya Lisbon.